Nani Analipia Safari ya Kofia?

Kofia ya mkono iliyokamilika haifiki gramu 100. Mshonaji huikalia mwezi, na ikiwa ina viua vingi vya kuzungushiwa uzi huikalia miwili, baina ya kupika, kufua na kuwaamsha watoto waende chuoni. Kisha kofia hiyo hupata mnunuzi Leicester au Toronto, bei ikakubaliwa kwa maneno mazuri na dua, na hapo ndipo linapozuka jambo ambalo hakuna aliyelitaja tangu mwanzo: boksi litafikaje huko, na ni nani atakayelipia safari yake?

Huu ni mwaka wa tatu sasa sisi, tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti, tunashika pia daftari la kina mama wa darsa ya Jumanne. Wao hushona kofia na kusuka mikoba ya ukili, kisha huiuza nje kwa picha za WhatsApp na Instagram. Kazi hiyo tulipewa kwa sababu nyepesi, nayo ni kuwa barua za Kiingereza za msikiti tunaziandika sisi. Tunajua kuwa zipo nyumba nyingi, Visiwani na bara, ambamo dada au mama anafanya biashara hiyo hiyo peke yake bila daftari wala katibu, na kwa ajili ya hao tumeona tuyaandike haya.

Daftari lenyewe lilianzishwa kwa sababu ya msiba mdogo. Mmoja wa kina mama hao, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa ameuza kofia mbili kwa mnunuzi wa Uingereza. Alilipwa bei yake, akazipeleka kwa wakala wa kampuni moja ya vifurushi vya haraka, akalipa ujira wa kuzipeleka kutoka katika bei ile ile, akabaki na faida nyembamba. Boksi lilipofika, mnunuzi akaambiwa alipe kodi ya kule pamoja na ada ya kampuni ya kushughulikia kodi hiyo. Akakataa, akisema hakuambiwa. Boksi likarejea, na kurejea nako kulikuwa na ujira wake, uliodaiwa kwa yule aliyelipeleka. Mnunuzi akataka fedha zake. Mama yule akarejesha bei, akalipa safari ya kwenda na ya kurudi, na mwisho wa hesabu akawa na kofia zake mbili, ambazo alikuwa nazo tangu mwanzo, pamoja na deni la dukani. Tulipowasomea wenzake hesabu hiyo, mzee mmoja wa darsa alituuliza, “Ustadhi, hiyo nauli ni ya kofia au ya mtu?”

Tulianza kwa kuuchunguza ujira wenyewe, maana watu wengi hudhani kuwa mzigo hulipiwa kwa mzani tu. Posta, kwa vifurushi vidogo, kweli hutazama mzani. Lakini kampuni za vifurushi vya haraka hupima mambo mawili, uzito na nafasi, kisha hutoza lile lililo kubwa. Urefu huzidishwa kwa upana na kwa kimo, kwa sentimita, kisha jumla yake hugawanywa kwa 5,000, na jawabu huhesabiwa kuwa ni kilo. Tuchukue mkoba wa ukili ulio wazi, umetiwa katika boksi la sentimita 40 kwa 35 kwa 30. Zidisha, utapata 42,000. Gawanya, utapata kilo 8.4, nazo aghalabu hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata, yaani 8.5. Mkoba wenyewe kwa mzani ni gramu 700. Kilo saba na zaidi zinazolipiwa hapo ni hewa ya Unguja inayosafirishwa kwa ndege.

Basi kina mama wakajifunza kuulaza mkoba. Ukili laini haukatiki ukilazwa bapa ukiwa na unyevu kidogo. Mikono ya ngozi huingizwa ndani, na juu yake huwekwa kitambaa ili isiache alama. Boksi likawa sentimita 45 kwa 36 kwa 8. Kwa hesabu ile ile ni kilo 2.6 hivi, yaani 3 baada ya kupandishwa, mahali pa 8.5. La kufurahisha zaidi ni kuwa boksi hilo sasa laweza kwenda kwa posta kama kifurushi kidogo, ambacho kikomo chake ni kilo 2 kwa uzito, na kwa vipimo ni sentimita 90 ukijumlisha urefu, upana na kimo, bila upande wowote kuzidi 60. Jumlisha 45 na 36 na 8: ni 89. Aliyeipata sentimita hiyo moja ya salama ni binti wa miaka kumi na sita, kwa tepu ya fundi cherehani, wala hakusoma mahali popote.

Kofia nazo zina bahati yao. Zikiwa za kipimo kimoja hupachikana, moja ndani ya nyingine, na boksi la kofia moja huchukua tatu bila kuongezeka ila gramu. Kwa hiyo ni dhuluma kumtoza mnunuzi wa kofia tatu ujira mara tatu, na pia si busara ya biashara. Sisi huandika: kofia ya kwanza ujira kamili, kila inayofuata nyongeza ndogo. Tangu tuanze kuandika hivyo, wanunuzi wengi huchukua mbili.

Hapa inatulazimu tuingie kidogo katika tuliyosomeshwa. Kofia nyingi za darsa hulipiwa kabla hazijashonwa. Mnunuzi hutaja kipimo cha kichwa, rangi ya uzi na aina ya viua, hulipa, kisha husubiri. Muamala huo uko karibu sana na salam, yaani kuuza kitu kilichoelezwa kwa sifa, kwa malipo ya kutanguliza. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameligusa jambo letu hili katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya pwani hadi leo: ikiwa mahali pa mapatano hapafai kukabidhiana, au panafaa lakini kuibeba mali hiyo kuna gharama, ni sharti pabainishwe mahali itakapokabidhiwa. Tulipokuwa wanafunzi tuliipita masala hii haraka, tukiwaza ngano na ngamia. Leo tunaiona inazungumzia boksi la sentimita nane. Mahali pa makabidhiano pasipotajwa, gharama ya kubeba haina mwenyewe, na jambo lisilokuwa na mwenyewe katika biashara humwangukia aliye dhaifu. Katika biashara hii aliye dhaifu si mnunuzi wa Toronto.

Kutokana na hilo tulilazimika kuamua juu ya neno moja linalopendwa sana na wauzaji: “usafirishaji bure”. Wapo waliotushauri tulitumie kwa kuwa linavuta macho. Wenye hoja hiyo hawakukosea kabisa. Bei ni bei, na muuzaji ana haki ya kuingiza gharama zake zote ndani yake, kama muuza samaki anavyoingiza barafu. Ila tulitazama wanunuzi wetu ni nani. Yuko wa Dar es Salaam, ambaye boksi lake huvuka kwa boti, na yuko wa Kanada. Tukitia ujira wa Kanada ndani ya bei, wa Dar es Salaam atalipia safari asiyoisafiri. Tukitia wastani, yeye atalipa zaidi na wa Kanada atalipa pungufu, na siku wa Kanada watakapokuwa wengi wastani utakatika na mshonaji ndiye atakayeziba pengo. Kisha neno lenyewe halisemi kweli. Tukaamua bei ya kofia iwe moja kwa watu wote, na ujira uandikwe mbali, kwa sehemu nne: Afrika Mashariki, Ghuba, Ulaya, Marekani na Kanada. Ikitokea ujira halisi umepungua kwa kiasi cha kuonekana, mnunuzi huambiwa na huulizwa arejeshewe au atiliwe uzi wa kiraka. Karibu wote huchagua uzi.

Tumetaja boksi na ndege. Linalobaki ni mlango wa nchi ya mnunuzi, na hapo ndipo mjane wetu alipoumia. Tangu tarehe 1 Januari 2021 Uingereza haina tena ule msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa ndogo zilizonunuliwa nje. Ushuru wa forodha huanza pale thamani inapozidi pauni 135, lakini kodi yenyewe, ambayo ni asilimia 20, huweza kudaiwa hata kwa kofia moja. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo ziliufuta msamaha wao wa yuro 22 tarehe 1 Julai 2021. Kanada husamehe bidhaa isiyozidi dola 20 za kwao, kiasi ambacho kofia ya mkono hukipita kabla haijafungwa boksi. Oman ilianza kodi ya asilimia 5 mwaka 2021. Na Marekani, iliyokuwa nchi nyepesi kuliko zote kwa muuzaji mdogo kwa kuwa tangu 2016 ilipitisha bila ushuru vifurushi visivyozidi dola 800, iliusimamisha msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Wiki hizo mashirika mengi ya posta duniani yalisita kupokea vifurushi vya Marekani mpaka ijulikane nani atakusanya ushuru na vipi. Kina mama waliokuwa na oda za huko walitujia mmoja mmoja wakiuliza nini kimetokea. Hatukuwa na la kuwaambia ila wasianze kukata kitambaa.

Si kazi ya mshonaji kuzijua sheria za kodi za dunia. Kazi yake, au ya anayemwandikia, ni kumwambia mnunuzi kabla ya kupokea senti moja kuwa kodi na ushuru wa nchi yake havimo katika ujira huu, na kuwa ataweza kudaiwa mlangoni. Kampuni za vifurushi zina njia mbili, nazo huziandika kwa herufi: DAP, ambapo mnunuzi hulipa ya forodha mwenyewe, na DDP, ambapo muuzaji hulipa kila kitu hadi mlangoni. Ukipewa karatasi yenye mojawapo ya herufi hizo, usitie saini mpaka ujue ni ipi. Sisi tunatumia ya kwanza, na sentensi yake tunaiandika juu kabisa ya jibu letu wala si chini. Tumepoteza wanunuzi kadhaa kwa sentensi hiyo. Hakuna boksi lililorudi.

Inapofika fomu ya forodha, huja ombi ambalo kila muuzaji wa mtandaoni atakutana nalo: “Andikeni ni zawadi,” au “Andikeni dola tano.” Waombaji si watu wabaya; wengi wao ni ndugu zetu waliohamia huko, na husema maneno hayo kama mtu anavyoomba apunguziwe nazi. Fomu yenyewe, CN 22 kwa kifurushi kidogo na CN 23 kwa mzigo mkubwa au wenye thamani zaidi, ina visanduku vya kuchagua, na zawadi ni kimoja kati yake. Uingereza kweli husamehe zawadi halisi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39. Lakini kofia iliyolipiwa si zawadi, na anayetia saini chini ya tamko ni mama wa Kikwajuni au wa Michenzani, wala si mnunuzi. Lilipojadiliwa katika darsa, baadhi walisema mteja ni mfalme. Binti yule wa tepu akauliza: boksi likipotea, tutadai fidia ya shilingi ngapi? Maana fidia haizidi thamani iliyoandikwa. Kofia ya mwezi mzima itakuwa imeandikiwa dola tano kwa mkono wetu wenyewe. Mjadala uliishia hapo. Sababu ya kwanza, kuwa ni uongo, ingetosha peke yake, ila tunakiri kuwa hii ya pili iliingia masikioni haraka zaidi.

Kwa wenye kujaza fomu hizo wenyewe, andikeni kitu kwa jina lake na kilichotengenezwa kwacho: kofia ya pamba iliyotarizwa kwa mkono, mkoba wa majani makavu uliosukwa. Bidhaa zina namba za forodha zinazotambulika duniani. Kofia za kitambaa zimo katika 6505, na mikoba na vikapu vya kusuka katika 4602. Mkiziandika, karani wa upande wa pili hana haja ya kukisia. Ukindu ukaushwe vizuri usiwe na mbegu wala mdudu, hasa kwa mzigo wa Australia, ambako vitu vya mimea hukaguliwa kwa ukali.

Boksi hupotea mara chache, lakini hupotea. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii, mali iliyouzwa ikiangamia kabla haijafika mkononi mwa mnunuzi, hasara ni ya muuzaji. Haisaidii kumwambia mnunuzi “sisi tulishapeleka”. Kwa hiyo hatukubali kutuma kofia bila namba ya ufuatiliaji, hata mnunuzi akisema yuko radhi kwa ujira wa chini. Namba ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kwetu TZ, nayo hufuatika hata katika tovuti ya posta ya nchi linakokwenda, kwa sababu posta za dunia zimefungamana katika umoja ulioasisiwa Bern mwaka 1874. Kadhalika tumetenga sehemu ndogo ya kila mauzo, ikae katika kisanduku cha darsa kwa ajili ya boksi litakalopotea, ili hasara isimshukie mshonaji mmoja. Wapo wasiolipenda kato hilo, hasa wale ambao hawajawahi kupoteza kitu, na kila Jumanne ya mwisho wa mwezi hutukumbusha.

Watauliza wengine: na wasafiri je? Kila wiki watu wanakwenda Muscat na Dubai. Mbona tusiwape mabegi? Kumpa msafiri kofia ya kumpelekea nduguyo ni ada yetu ya zamani na ina baraka zake. Lakini bidhaa iliyouzwa ni jambo jingine. Msafiri yule anabeba kwa hisani, na mbeba amana kwa hisani hadhamini ila akizembea. Begi likichelewa uwanja wa ndege, huwezi kumdai yeye, na mnunuzi anakudai wewe. Tena unamtia matatani mbele ya maofisa wa forodha kwa kofia ishirini za kipimo kimoja ambazo hawezi kusema ni za matumizi yake. Tuliwahi kumsikia mzee akisema kuwa posta ni msafiri asiyekuwa na aibu ya kudaiwa, na tukacheka.

Katika majira, Ramadhani hututia haraka kuliko miezi yote, kwa kuwa kila mtu anataka kofia kabla ya Idi. Oda za Idi za Ulaya na Amerika tunazifunga mwanzo wa Rajabu. Anayekuja Shaabani huambiwa kuwa kofia yake itamfaa kwa Idi ya pili. Makato ya kutumiana fedha nayo huliwa na yule anayetuma, na hilo pia huandikwa mwanzoni.

Wiki mbili zilizopita mnunuzi wa Minneapolis alitaka kofia sita za harusi ya wanawe. Tulimwandikia mistari minne: bei ya kofia, ujira wa posta wa kofia ya kwanza na nyongeza ya kila inayofuata, kwamba ushuru wa nchini kwake uko juu yake na hatuwezi kumtajia kiasi chake, kwamba thamani itakayoandikwa katika fomu ni ile atakayolipa. Alijibu baada ya siku tatu. Alipunguza kutoka sita hadi nne, akakubali yaliyobaki, akatuma vipimo vya vichwa vinne, viwili vyao vikiwa sawa. Kina mama wameshakata kitambaa.